Maisha ya Johannes Rebmann, Mmisionari wa Rabai

Mtu atokaye Mombasa akaishika njia ya bara hufika Mazeras, na hapo akigeuka upande wa kaskazini kuifuata njia ya Kaloleni, hachelewi kufika Rabai. Ni mji mdogo uliokaa juu ya vilima, penye minazi mingi na miembe, na upepo wa bahari hufika huko ukiwa umepoa. Hapo ndipo lilipo kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, na karibu yake zipo nyumba ambazo wenyeji huzitaja kuwa za wamisionari wa kwanza. Ipo pia nyumba ya makumbusho yenye jina la Daktari Krapf. Mgeni ajaye kuliona kanisa hili husikia jina la Krapf kabla hajauvuka mlango, wala si vibaya, kwa maana Krapf ndiye aliyetangulia. Lakini Krapf alikaa Rabai miaka saba hivi. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliikaa nchi hii miaka ishirini na tisa, asirudi kwao hata mara moja, na kaburi lake halipo hapa. Yafaa habari zake zielezwe, pamoja na habari za watu wa nchi hii waliomshika mkono.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima wa mashamba na mizabibu, si matajiri. Alipokuwa kijana aliingia chuo cha misioni cha Basel katika Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza, katika chuo cha C.M.S. kilichokuwako Islington, London. Mwaka 1845 akapewa daraja ya ukasisi, na mwaka uliofuata akapanda chombo kuja Afrika ya Mashariki. Alitia nanga Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Krapf alikuwa akimngojea. Huyu alikwisha kukaa Mombasa tangu mwaka 1844, akiwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja, na katika mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa peke yake, akijifunza Kiswahili na kutafuta mahali pa kujenga kati ya Wamijikenda, ambao zamani zile waliitwa Wanyika. Alipofika Rebmann, wakaenda pamoja kuonana na wazee wa Rabai, na wazee wakawakubali. Neno hili lisipitwe haraka. Wazungu wale hawakuja na askari wala hawakuwa na nguvu yoyote ya kuwashurutisha watu. Kama wazee wa kaya wangekataa, Rabai isingalikuwa na kanisa.

Siku waliyohamia, tarehe 25 Agosti 1846, wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wakipokezana kumpanda, huyu akichoka kutembea mwenzake akashuka. Hivyo ndivyo misioni ya Rabai ilivyoanza. Kisha wakajenga nyumba na mahali pa kusalia, wakafungua shule ndogo, wakaanza kwenda vijijini kuhubiri.

Watu walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Wengine waliona ajabu kwamba mtu aliacha nchi ya baba zake asije kununua pembe wala watumwa. Mwaka ukapita, na wa pili, na hakuna aliyeomba ubatizo. Mtu wa kwanza kuamini alikuwa kiwete mmoja jina lake Mringe, maskini asiyekuwa na cheo chochote katika kaya, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Basi matunda ya kwanza ya Rabai yalikuwa kaburi. Kila katekista aliyepata kufundisha katika kijiji ambacho viti vyake ni vitupu, kisha mwanafunzi wake mmoja aliyemtumaini akafa, atafahamu wamisionari wale walikuwa na moyo wa namna gani jioni ile.

Katika miaka hiyo Rebmann ndiye aliyekuwa msafiri. Krapf alitamani kuona vituo vya misioni vikifuatana kutoka pwani hii mpaka pwani ya magharibi, tena akataka njia itafutwe. Mwezi wa Oktoba 1847 Rebmann akaenda Kadiaro, katika nchi ya Wataita, akarudi salama. Tarehe 27 Aprili 1848 akaondoka tena, kwenda Uchaga. Aliyeongoza msafara alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia hiyo kwa biashara yake, na wachukuzi hawakufika hata kumi. Wasafiri wa nyakati zile walikwenda na bunduki nyingi. Rebmann alichukua mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona mbele yake mlima mrefu, na juu ya kilele chake kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini, naye akamjibu kwamba ni baridi. Rebmann aliyezaliwa katika nchi ya majira ya baridi akatambua mara moja kuwa ni theluji. Mlima huo ni Kilimanjaro, wenye mita 5,895, mrefu kuliko yote katika Afrika. Watu husema kwamba Rebmann ndiye aliyeuvumbua. Tuseme sawasawa: Wachaga waliulima mlima ule tangu mababu, na Bwana Kheri alikwisha kuupita. Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza aliyeiona theluji yake na kuandika habari zake, na hilo latosha kuwa sifa.

Habari hizo zilipopigwa chapa London mwaka 1849, katika gazeti la C.M.S., zilidharauliwa. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika nchi hizi kamwe, alibisha kwa nguvu kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta, na mwaka 1852 akatoa kitabu kilichoyarudia hayo. Rebmann hakuwa na la kufanya ila kusema aliyoyaona. Ilichukua miaka zaidi ya kumi hata maneno yake yathibitishwe, wakati Baron von der Decken alipoupanda mlima sehemu yake katika miaka ya 1861 na 1862, na theluji ikamwangukia.

Safari za Uchaga zenyewe zilimwisha vibaya. Mara ya kwanza alifika Kilema kwa Mangi Masaki. Mara ya pili, mwishoni mwa mwaka 1848, alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, naye akapokewa vizuri hata akatumaini kupita mpaka Unyamwezi. Mwezi wa Aprili 1849 akarudi mara ya tatu na mizigo ya safari ndefu. Safari hii Mamkinga alimwomba zawadi, na baada ya zawadi zawadi nyingine, mpaka nguo zote alizozichukua za kulia chakula na kulipia njia zikaisha. Rebmann akarudi pwani mgonjwa, mikono mitupu. Tangu hapo hakusafiri tena safari kubwa ya bara.

Hapo ndipo yeye na Krapf walipoanza kuachana kwa mawazo. Krapf aliendelea kutaka vituo vingi na njia ndefu. Rebmann alishika ya kuwa ni afadhali kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha mpaka ndani, na kungojea. Wengi wamemlaumu kwa hilo, na lawama yao si bure: alikuwa mtu mkimya, mgumu kubadilika, aliyeweza kushinda na vitabu vyake siku nyingi. Krapf kwa upande wake aliwasha moto mahali pengi akawaachia wengine kuutunza. Mimi nafikiri Rabai iliwahitaji wote wawili, lakini ni wazi ni yupi aliyeutunza moto.

Mwaka 1849 alikuja Erhardt, na pamoja naye Wagner, aliyekufa kwa homa baada ya muda mfupi tu. Mwaka 1851 Rebmann alikwenda Misri akamwoa Bibi Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya misioni huko, wakarudi pamoja, wakakaa Kisuludini, karibu na Rabai. Mungu aliwapa mtoto mmoja, naye alikufa baada ya siku chache. Mwaka 1853 Krapf akaondoka kwa ajili ya afya yake, na mwaka 1855 Erhardt naye akaenda zake. Wakabaki Rebmann na mkewe.

Kabla ya kuachana, Erhardt na Rebmann walikuwa wamefanya kazi moja ambayo ilivuma kuliko mahubiri yao yote. Walikuwa wamewauliza wenye misafara wa Mombasa na Tanga, Waswahili na Waarabu na watu wa bara, habari za nchi za ndani, wakazichora katika ramani moja. Kila aliyeulizwa alitaja ziwa kubwa, nao wakadhani kwamba wote walitaja ziwa lile lile, wakachora ziwa moja refu ajabu. Ramani ikakosea, kwa maana maziwa ni matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Lakini kosa lake liliwafanya watu wa Uingereza wawatume Burton na Speke kwenda kuhakikisha. Burton alipofika pwani mwaka 1857 alikwenda Kisuludini kumwomba Rebmann afuatane nao. Rebmann akakataa, akabaki na vitabu vyake na Wamijikenda wake. Sifa ya kuyaona maziwa ikaenda kwa wengine.

Mwaka huo huo Wamasai waliivamia nchi ya nyuma ya Mombasa, watu wengi wakauawa na ng'ombe wakatwaliwa, hata Rebmann na mkewe wakalazimika kukimbilia Unguja. Wakakaa huko miaka kama miwili. Waliporudi, mambo mengi yalikuwa ya kuanza upya.

Sasa yafaa nieleze habari ya vitabu hivyo ambavyo watu walimlaumu navyo. Rebmann aliandika lugha tatu: Kiswahili, lugha ya Wamijikenda, na Kinyasa, yaani lugha ya watu wa ziwa Nyasa. Hii ya tatu yashangaza, kwa kuwa hakufika Nyasa siku zote za maisha yake. Aliifundishwa na mtu mmoja jina lake Salimini, aliyekamatwa kwao akauzwa, akawa mtumwa Mombasa. Mtu huyu aliyepokonywa nchi yake na jamaa yake alikaa na Rebmann, siku baada ya siku, akimpa maneno ya kwao moja moja: jina la mto, la jembe, la mama, la nyota. Mahali hapo mtumwa alikuwa mwalimu, na kasisi mwanafunzi. Kitabu hicho cha maneno kilipigwa chapa mwaka 1877, karibu na Basel. Jina la Rebmann limeandikwa mbele yake, lakini maneno ni ya Salimini.

Mioyo ya watu nayo ilianza kufunguka, polepole sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alibatizwa Mzee Abe Gunja, pamoja na mwanawe, aliyepewa jina la Isaac Nyondo. Mwaka 1862 Krapf alirudi kwa kitambo akiwaleta wamisionari wa Kimethodisti, nao wakajenga Ribe, si mbali na Rabai, ambako Wakefield alifanya kazi miaka mingi. Mwaka 1864 wakaja kutoka Bara Hindi wasaidizi wa namna nyingine: William Jones na Ishmael Semler pamoja na wake zao. Hao walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakalelewa na misioni ya Nasik karibu na Bombay. Walirudi Afrika wakijua kusoma, kuandika na kazi za mikono.

Mwaka 1866 Bibi Emma alikufa. Rebmann akakaa miaka tisa zaidi bila yeye. Akaanza kupoteza macho. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa karatasi na kalamu, hili lilikuwa pigo lisilo na dawa. Lakini aliendelea kusomewa na kuandikiwa. Nyondo ndiye aliyekuwa macho yake. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kwa habari ya biashara ya watumwa, alipofika mwaka 1873 alimkuta Rebmann karibu haoni kabisa, na Wakristo wa Rabai ni watu wachache wa kuhesabika. Mtu akipiga hesabu ya miaka na roho, kama wapigavyo hesabu wenye duka, hesabu hiyo ilikuwa mbaya. Ulaya walikuwako waliosema kwamba maisha ya mtu yamepotea bure katika vilima vile.

Mwishoni mwa mwaka 1874 C.M.S. ilimtuma Price aje kuanza mji wa watumwa waliowekwa huru, ule ulioitwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kwa kuwa kazi ilikuwa imepata watu wapya, na yeye haoni tena, Rebmann alikubali kwenda kwao mwaka 1875. Hakuweza kusafiri peke yake. Nyondo akafuatana naye, akimshika mkono katika meli, katika bandari, katika magari ya moshi, mpaka Uingereza na Ujerumani. Fikirini safari hiyo. Kijana aliyezaliwa katika vilima vya Rabai alimwongoza mzee wa Kijerumani katika nchi ya mzee mwenyewe, kwa maana mzee hakuweza kuiona nchi aliyokuwa ameiacha miaka ishirini na tisa. Ndugu zake walisikia sauti yake tu ndiyo waliyoikumbuka. Mtu aliyetoka kijana alirudi kipofu.

Alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, ambako Krapf naye alikuwa akiishi, na marafiki wale wawili waliokuwa wamebishana sana juu ya njia za Afrika wakawa majirani tena. Akaoa mara ya pili, Bibi Louise Däuble, aliyemtunza. Mwaka 1876 Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili ikapigwa chapa. Tarehe 4 Oktoba ya mwaka huo akafa, mwenye umri wa miaka hamsini na sita. Akazikwa Korntal. Krapf alimfuata tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, akazikwa katika makaburi yale yale. Kwa hiyo atakaye kusimama penye kaburi la Rebmann hana budi kwenda huko. Hapa Rabai atapata nyumba, kanisa na watu.

Nyondo alirudi kwao. Kitabu cha maneno ya lugha ya Wamijikenda, alichokianza Krapf na kukiendeleza Rebmann, kilitolewa London mwaka 1887, mwaka ule ule lilipojengwa kanisa la Mtakatifu Paulo. Jones na Semler walikuwa wamekwisha kupewa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, na katika mwaka huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Buganda, naye ndiye aliyeurudisha msafara Rabai, mwenye huzuni, baada ya Askofu kuuawa Busoga.

Katika miaka hiyo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuja Rabai mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, na Jones akawapokea, wala hakukubali kuwafukuza. Wenye watumwa wakakasirika, wakatishia kuja kuiteketeza misioni. Mwishowe kampuni ya Kiingereza iliyoitawala pwani wakati huo ikawalipa wenyewe fedha, na tarehe 1 Januari 1889 Mackenzie, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, akapanda Rabai kutoa hati za uhuru. Watu waliopata uhuru kwa njia hiyo, hapa na katika vituo vingine vya misioni, walizidi 1,400. Kati yao walikuwako Wayao na Wanyasa, watu wa lugha ile aliyoifundisha Salimini katika nyumba ya Kisuludini. Jumapili iliyofuata kanisa jipya lilikuwa dogo.